Milango Miwili ya Vita: Kutoka Ubelgiji 1914 hadi Nakivale



Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kandokando ya ziwa la jina hilo, wilayani Isingiro, katika nchi iliyokuwa zamani sehemu ya wilaya ya Mbarara, wanaishi watu zaidi ya laki moja. Wametoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda na kwingineko. Askari polisi aliyepangwa zamu huko hukutana nao kila siku: katika mgawo wa chakula, katika ugomvi wa mipaka ya mashamba, katika foleni ya wageni waliofika usiku. Anajua kwamba wamekimbia vita. Lakini vita hivyo vilianza wapi, na kwa nini nchi ambazo hazikutaka vita zilijikuta zimo ndani yake?

Leo tutazungumza juu ya nchi isiyo na upande, yaani nchi iliyotangaza kwamba wakubwa wakipigana yenyewe itakaa kando. Tutaeleza jinsi nchi ya namna hiyo inavyoingia vitani, na gharama inayofuata. Historia ya eneo letu inatuonyesha milango miwili. Mlango wa kwanza huvunjwa na adui kutoka nje. Wa pili hufunguliwa kutoka ndani, na mara nyingi mwenye nyumba husema hakusikia ukifunguliwa.

Tuanze na mlango wa kwanza. Mwaka 1839, katika Mkataba wa London, mataifa makubwa ya Ulaya yalikubaliana kwamba Ubelgiji itakuwa nchi isiyo na upande daima. Uingereza, Ufaransa, Urusi, Austria na Prusia ziliweka sahihi. Wabelgiji hawakuwa wamechagua hali hiyo kwa upole wa moyo tu. Nchi yao ilikuwa katikati ya wakubwa, na kila mkubwa aliogopa kwamba mwenzake ataitwaa na kuifanya njia ya kumshambulia. Kwa hiyo waliifanya uwanja usioguswa. Miaka 75 ikapita, na mkataba ukasimama kwa kuwa ulimfaa kila mmoja wao.

Jioni ya tarehe 2 Agosti 1914 ulikoma kumfaa mmoja. Ujerumani iliipelekea serikali ya Ubelgiji barua yenye sharti la saa 12: iyaruhusu majeshi ya Kijerumani kupita kwenda kuipiga Ufaransa. Ikikubali, mali yote itakayoharibiwa italipwa, na vita vikiisha majeshi yataondoka. Ikikataa, itahesabiwa kuwa adui. Mfalme Albert na mawaziri wake walikesha wakijadiliana. Asubuhi ya tarehe 3 wakajibu kwamba hawakubali. Tarehe 4 majeshi ya Kijerumani yakavuka mpaka, na siku hiyo hiyo Uingereza, iliyokuwa mdhamini wa mkataba ule, ikatangaza vita dhidi ya Ujerumani.

Wengine waliuliza wakati ule, na wengine wanauliza hata leo: kwa nini nchi ndogo isiruhusu tu majeshi yapite? Jibu lilikuwa limeandikwa katika sheria ya vita iliyokubaliwa The Hague mwaka 1907, na ni vyema kila askari aijue. Sheria hiyo inasema kwamba ardhi ya nchi isiyo na upande haiguswi. Inasema kwamba wanaopigana hawaruhusiwi kupitisha humo majeshi wala misafara ya silaha. Inasema kwamba katika ardhi hiyo hakuna ruhusa ya kuunda vikosi vya wapiganaji wala kufungua ofisi za kuwaandikisha. Inasema kwamba askari wa upande wowote wakikimbilia humo, nchi hiyo itawapokea na kuwaweka kizuizini, mbali na uwanja wa vita. Na mwisho inasema kwamba nchi isiyo na upande ikitumia nguvu kuulinda msimamo wake, tendo hilo halihesabiwi kuwa uadui.

Maana yake ni kwamba kutokuwa na upande ni kazi ya askari kama ilivyo kazi ya balozi. Mwenye kuruhusu upande mmoja upite amekwisha kuchagua upande. Uholanzi, jirani wa Ubelgiji, ilionyesha jinsi kazi hiyo inavyofanywa. Mji wa Antwerp ulipoanguka mwezi Oktoba 1914, raia wa Ubelgiji wapatao milioni moja walikimbilia Uholanzi, na pamoja nao askari zaidi ya 30,000. Waholanzi waliwapokea wote, lakini hawakuwachanganya. Raia walipewa hifadhi. Askari walinyang'anywa silaha na kufungiwa kambini hadi vita vilipokwisha. Uholanzi ikamaliza miaka minne ya vita bila kupigana.

Sasa, ndugu wasikilizaji, tuvuke bahari tuje kwetu. Ubelgiji ilikuwa na koloni moja kubwa, Kongo, iliyoitwaa rasmi mwaka 1908 kutoka mikononi mwa Mfalme Leopold wa Pili. Katika Mkataba wa Berlin wa mwaka 1885, ambamo Waafrika hawakuulizwa neno, wakoloni waliweka vifungu vilivyotoa nafasi ya kuliacha bonde lote la Kongo nje ya vita vya Ulaya. Bonde hilo, kwa hesabu yao, lilifika hadi Bahari ya Hindi. Ndani yake zilikuwamo Kongo, Uganda, Kenya ya leo, na Afrika ya Mashariki ya Wajerumani pamoja na Rwanda na Burundi. Kwa siku chache mwezi Agosti 1914 serikali ya Ubelgiji ilijaribu kukishika kifungu hicho. Iliwaamuru maofisa wake wa Kongo wakae katika hali ya kujihami tu, wasishambulie.

Lakini karatasi ya Berlin haikuwa na mlinzi. Tarehe 8 Agosti manowari ya Kiingereza ilikuwa imekwisha kuipiga mizinga Dar es Salaam. Tarehe 22 Agosti meli ya Kijerumani Hedwig von Wissmann ilivuka Ziwa Tanganyika ikaishambulia bandari ya Lukuga, ambayo leo ni Kalemie, na kuiharibu meli ya Wabelgiji Alexandre Delcommune. Mwezi Septemba Wajerumani wakakitwaa kisiwa cha Idjwi katika Ziwa Kivu. Ruhusa ya kupigana ikatoka Ubelgiji, na hivyo mwanakijiji wa Kivu, ambaye hakuwahi kuisikia Serbia wala Liège, akawa ndani ya Vita Kuu.

Hapo ndipo Mbarara inapoingia katika habari hii. Tangu mwaka 1914 mpaka wa Uganda na Wajerumani ulikuwa mstari wa mapigano kandokando ya Mto Kagera. Waliolinda mstari huo hawakuwa askari wa King's African Rifles peke yao. Polisi wa Uganda nao waliundwa kuwa batalioni ya vita wakapelekwa Kagera. Kwa hiyo polisi anayesimama leo katika nchi ya Isingiro ana watangulizi waliosimama katika eneo hilo zaidi ya miaka mia moja iliyopita, katika vita vya watu wengine.

Mwanzoni mwa mwaka 1916 Jenerali Charles Tombeur, mkuu wa majeshi ya Kongo, alikutana huko Kigezi na Gavana wa Uganda, Sir Frederick Jackson. Wabelgiji walikuwa na askari wa kutosha, lakini hawakuwa na njia ya kuwalisha. Waingereza waliahidi kuwapa wapagazi 5,000 na magari 100 ya kukokotwa na ng'ombe. Mizigo ikashushwa Bukakata, kwenye Ziwa Viktoria, ikapita Mbarara, ikaenda hadi Kamwezi karibu na mpaka wa Rwanda. Mwezi Aprili brigedi ya kaskazini ya Kanali Molitor ikaondoka. Tarehe 6 Mei 1916 ikaingia Kigali. Brigedi ya kusini ilipita Burundi, na tarehe 19 Septemba Wabelgiji wakaingia Tabora.

Katika vitabu ushindi huo unahesabiwa kwa majina ya majenerali. Haifai sisi tuuhesabu hivyo. Ushindi ulibebwa kichwani. Wapagazi waliotumiwa na Wabelgiji katika vita hivyo wanakadiriwa kuwa zaidi ya laki mbili, na wapagazi wa Uganda walikuwamo. Walikufa kwa kuhara, kwa homa ya mapafu, kwa baridi ya milimani na kwa chakula wasichokizoea, wengi zaidi kuliko waliokufa kwa risasi. Kaskazini-magharibi mwa Rwanda, ambako majeshi yalikaa muda mrefu yakila akiba ya wakulima na kuwachukua vijana wao, iliingia njaa kali iliyoitwa Rumanura, ikaua watu wengi kati ya mwaka 1916 na 1918.

Tazameni sasa jinsi nchi iliyovunjiwa mlango ilivyobadilika. Mwaka 1914 Ubelgiji ilikuwa imedhulumiwa, na dunia ililiona hilo. Mwaka 1916 ilikuwa imeshika nchi za wengine. Mwanzoni haikukusudia kukaa Rwanda. Ilitaka kuzitumia nchi ilizoziteka kama mali ya kubadilishana, ili hatimaye ipate kutoka kwa Wareno kipande cha ardhi kwenye mdomo wa Mto Kongo. Mpango huo haukufaulu. Mwaka 1919 Waingereza na Wabelgiji walikubaliana: Tanganyika kwa Uingereza, Ruanda-Urundi kwa Ubelgiji. Ushirika wa Mataifa ukaupa mgawanyo huo muhuri wa udhamini mwaka 1922. Ukanda wa Gisaka, mashariki mwa Rwanda, ulikatwa kwanza ukapewa Waingereza kwa sababu walitaka kupitisha reli, kisha ukarudishwa. Watu wa Gisaka hawakuulizwa walipokatwa, wala hawakuulizwa waliporudishwa.

Hivyo watawala waliokuja kwa njia ya Kamwezi wakakaa Rwanda miaka 46. Tukiyataja matendo yao tutaona yanavyoelekea Nakivale. Waliwaondoa machifu wengi wa Kihutu na kuweka uchifu karibu wote mikononi mwa Watutsi. Mwaka 1931 walimwondoa Mwami Musinga, aliyekuwa hawatii, wakamweka mwanawe Rudahigwa. Katika miaka hiyo ya 1930 walihesabu watu na kuwapa kadi zilizoandikwa kabila la kila mmoja. Jambo ambalo zamani liliweza kubadilika kwa mali, ndoa au cheo likafungwa katika karatasi. Kisha, miaka ya 1950, wasomi wa Kitutsi walipoanza kudai uhuru, Wabelgiji wakageuka. Rudahigwa alifariki ghafula mwezi Julai 1959. Mwezi Novemba ghasia zikalipuka. Kanali Guy Logiest alifika kutoka Kongo na askari wa Force Publique, jeshi lile lile la mwaka 1916, na serikali yake ikaupendelea waziwazi upande wa pili. Nyumba zikachomwa, watu wakauawa, na maelfu ya Watutsi wakakimbilia Burundi, Kongo, Tanganyika na Uganda.

Wale waliokuja Ankole walipewa mahali penye ziwa na nyasi. Hapo ndipo Nakivale ilipoanza, ikatangazwa rasmi mwaka 1960, na leo inahesabiwa miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani kuliko yote katika Afrika. Karibu nayo yakafuata makazi ya Oruchinga. Wengi wa waliofika walidhani watakaa msimu mmoja, lakini watoto wao walizaliwa hapo, na wajukuu pia.

Ndugu askari, hatusemi kwamba risasi ya mwaka 1914 ndiyo iliyochoma nyumba za Rwanda mwaka 1959. Kati ya tendo na tendo wapo watu waliochagua. Lakini ni kweli kwamba Wabelgiji wasingeingia Kigali kama wasingeingia vitani, na waliingia vitani kwa sababu mlango wao ulivunjwa na nchi iliyokuwa imeahidi kuulinda.

Tuje kwenye mlango wa pili, ule unaofunguliwa kutoka ndani. Mwaka 1969 Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipitisha mkataba juu ya wakimbizi. Mkataba huo unasema kwamba kumpa mtu hifadhi ni tendo la amani na la kibinadamu, na nchi yoyote isilione kuwa ni uadui. Lakini unaongeza mambo mawili. Kwanza, kwa ajili ya usalama wakimbizi wakaliwe mbali kiasi na mpaka wa nchi yao. Pili, nchi iliyowapokea iwazuie kuishambulia nchi nyingine ya Afrika kwa silaha au kwa maneno ya kuleta fitina. Ni sheria ile ile ya The Hague, imevikwa nguo ya Kiafrika. Waliouandika walikuwa na sababu. Mwezi Desemba 1963 wakimbizi wenye silaha waliishambulia Rwanda kutoka Burundi. Walishindwa, na kisasi kikawaangukia maelfu ya Watutsi waliobaki nyumbani, ambao hawakushika hata upinde.

Uganda iliwapokea wakimbizi, na katika hilo ina sifa. Lakini kupokea bila kumpa mtu mahali pa kudumu ni kazi iliyofanywa nusu. Mwezi Oktoba 1982, katika wilaya ya Mbarara, watu wenye asili ya Rwanda walifukuzwa katika nyumba na malisho yao, na wengi wao walikuwa wamekaa Ankole miaka mingi au wamezaliwa humo. Maelfu walisukumwa kuvuka mpaka wa Rwanda, na maelfu wengine wakajazana Nakivale na makazi mengine. Kijana aliyefukuzwa nchi mbili anatafuta ya tatu, au anatafuta bunduki. Wengi walijiunga na jeshi la NRA lililokuwa likipigana msituni. Jeshi hilo lilipoingia Kampala mwezi Januari 1986 walikuwa askari kamili, na baadhi yao maofisa wakubwa.

Tarehe 1 Oktoba 1990 maelfu ya askari hao, wakiwa na sare na silaha za jeshi la Uganda, walivuka mpaka Kagitumba wakaingia Rwanda kwa jina la chama chao, RPF. Aliyewaongoza alikuwa Fred Rwigyema, aliyekuwa amewahi kuwa naibu waziri wa ulinzi wa Uganda. Aliuawa siku ya pili. Marais wa nchi zote mbili walikuwa safarini New York kwa mkutano wa watoto wa dunia. Serikali ya Uganda ilisema kwamba askari hao walitoroka jeshini, kwamba haikuwatuma, na kwamba haimo katika vita hivyo. Serikali ya Rwanda haikukubali. Mwezi Juni 1993 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliunda kikosi cha waangalizi, chenye makao yake Kabale, kuuangalia mpaka huo upande wa Uganda ili ithibitike kwamba silaha hazipiti.

Wasikilizaji wanaweza kubishana juu ya nani alijua nini. Madai ya waliovuka yalikuwa na uzito wake, kwa kuwa mtu aliyenyimwa nchi yake kwa miaka 30 ana haki ya kuirudia. Lakini askari atazame tendo lenyewe. Kikosi kilitoka na silaha za dola, kikasafiri barabarani, kikavuka mpaka wa kimataifa. Tangu saa hiyo, maneno ya kwamba nchi haina upande hayakuwa na uzito tena machoni pa jirani. Ubelgiji ya mwaka 1914 iliweza kuonyesha mlango uliovunjwa. Uganda ya mwaka 1990 haikuwa na mlango wa namna hiyo wa kuonyesha.

Matokeo mnayajua. Mkataba wa amani ulitiwa sahihi Arusha tarehe 4 Agosti 1993, lakini wenye msimamo mkali mjini Kigali walikuwa wakiandaa jambo jingine. Kuanzia Aprili hadi Julai 1994 waliwaua Watutsi kwa mpango, pamoja na Wahutu waliowapinga. Hesabu ya Umoja wa Mataifa ni watu wapatao 800,000, na hesabu ya serikali ya Rwanda inazidi milioni moja. Hatia ya mauaji hayo ni ya waliopanga na waliotenda, na baadhi yao walihukumiwa na mahakama ya kimataifa huko Arusha. Vita vya mpakani havimwondolei muuaji dhambi yake.

Lakini vita havikuishia Rwanda. Waliokimbia waliingia Kongo pamoja na wauaji wao na silaha zao, bila kutenganishwa kama Waholanzi walivyotenganisha mwaka 1914. Mwaka 1996 vita vikaanza huko. Mwaka 1998 vikaanza tena, na safari hiyo jeshi la Uganda liliingia waziwazi, kwa sababu iliyotajwa ya kuulinda mpaka dhidi ya waasi. Mwezi Juni 2000 majeshi ya Uganda na Rwanda, yaliyokuwa ndugu wa msitu mmoja, yalipigana kwa siku sita ndani ya mji wa Kisangani. Waliokufa kwa mamia walikuwa wakazi wa mji huo.

Bili ikaja baadaye. Tarehe 19 Desemba 2005 Mahakama ya Kimataifa ya The Hague iliamua kwamba Uganda ilivunja sheria ya kimataifa katika Kongo. Tarehe 9 Februari 2022 ikataja kiasi: dola milioni 325, zilipwe kwa mafungu matano ya dola milioni 65 kila mwaka. Milioni 225 kati ya hizo ni kwa ajili ya watu walioumizwa na kuuawa. Mlipaji wa fedha hizo ni mlipa kodi wa Uganda, pamoja na mchuuzi wa ndizi katika soko la Mbarara, ambaye hakuwahi kufika Kisangani.

Na bili nyingine iko pale pale tulipoanzia. Wengi wa wale Wanyarwanda wa kwanza waliondoka Nakivale baada ya mwaka 1994 wakarudi kwao. Nafasi zao hazikukaa wazi. Waliingia wengine kutoka Rwanda, kisha Wakongo wakaja kwa wingi. Wajukuu wa watu wa Kivu, walioburutwa katika Vita Kuu mwaka 1914, wanalima leo mashamba yaliyofyekwa na wakimbizi wa mwaka 1959.

Kutokana na historia hii askari achukue mambo matatu. Mpaka ulindwe pande zote mbili: asiyeruhusu adui kuingia asiruhusu pia silaha kutoka. Mkimbizi apokelewe kwa heshima, lakini mwenye bunduki atenganishwe na mwenye mtoto mgongoni siku ile ile ya kwanza, pale pale kwenye kizuizi, kabla hawajachanganyika. Na aliyepokewa asinyanyaswe wala asifukuzwe ovyo, kwa maana dhuluma ya mwaka 1982 iliandikisha askari wengi kuliko hotuba yoyote. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi katika eneo hili tumejenga ukuta huo zaidi ya mara moja, na bado tunalipa.

Nchi inaweza kutangaza kwa kalamu kwamba haina upande. Anayelifanya tangazo hilo kuwa kweli au uongo ni koplo wa zamu kwenye kizuizi cha barabara, usiku, lori lisilo na hati linapofika likiomba kupita.